Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu: tufungulieni njia ya kutoka na kurudi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyote vya umma.

Shikamooni.

Naanza na salamu hiyo kwa sababu baadhi yenu mmenifundisha, na wengine mmewafundisha walionifundisha. Mimi ni mhadhiri wa isimu ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Shahada ya kwanza niliipatia hapo ninapofundisha. Ya uzamili, hapo hapo. Ya uzamivu, hapo hapo. Niliripoti nikiwa kijana wa miaka 21 mwenye begi moja, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa mwanafunzi wala mwajiriwa wa mahali pengine popote. Chuo hicho kimenilea, na mke wangu nilimpata kwenye foleni ya maktaba yake. Siandiki ili kukisema vibaya. Naandika kwa sababu kuna binti niliyemfundisha, sasa ni mkufunzi msaidizi mwenzetu, ambaye mwaka huu anaanza uzamivu. Alikuja ofisini akaniuliza, "Mwalimu, nibaki au nitoke?" Nilishindwa kumjibu, kwa kuwa jibu lenyewe liko mikononi mwenu.

Njia ninayoizungumzia ninyi mnaijua, ila barua hii itasomwa pia na wazazi na wanafunzi, kwa hiyo niruhusuni niieleze. Mwanafunzi akifika mwaka wa tatu na GPA yake, yaani wastani wa alama zake, iko juu, walimu huanza kusemezana kwenye korido: huyu abakizwe. Kubakizwa ni heshima kubwa. Unakuwa TA, yaani mkufunzi msaidizi, wakati wenzako wanazunguka mjini na bahasha za kaki. Siku hizi nafasi hizo hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira na watu hufanyiwa usaili, jambo ambalo ni jema, lakini safari inayofuata baada ya kuajiriwa ni ile ile ya zamani. TA anaendesha semina za mwaka wa kwanza, anasimamia mitihani, anasahihisha mafungu ya karatasi usiku kucha. Akitaka kusoma uzamili anapiga hesabu. Chuo kingine maana yake ni ruhusa ya masomo, ada, kodi ya nyumba, na mtu wa kushika vipindi vyake. Akibaki atasoma huku anafundisha, na ada pengine itapunguzwa. Anabaki. Miaka inapita, zamu ya uzamivu inafika, na hesabu haijabadilika, isipokuwa sasa ana watoto wawili shuleni na mama mzazi anayehudhuria kliniki. Anabaki tena. Anapogonga miaka 40 ana vyeti vitatu vyenye nembo moja, msimamizi wake ni yule yule aliyempokea mwaka wa kwanza, na milango ya ofisi zao inatazamana.

Hakuna aliyekosea katika safari hiyo. Kila hatua ilikuwa ya busara kwa aliyeichukua. Ndiyo maana siwaandikii TA kuwaambia wawe na ujasiri wa kuondoka. Nawaandikia ninyi mnaopanga ruhusa, ada, mishahara na mizigo ya kufundisha.

Niwaeleze nilivyogundua nilichokikosa.

Tasnifu yangu ilihusu sauti za Kiswahili. Tangu mwaka wa kwanza nilifundishwa kwamba mpumuo, ile pumzi inayotoka pamoja na sauti kama p, t na k, hautofautishi maana ya maneno katika lugha yetu. Aliyenifundisha alifundishwa hivyo na mwalimu wake, na mwalimu huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa idara nilipoajiriwa. Siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti walikuwapo ukumbini watu 11. Tisa walikuwa walimu wangu, wawili walikuwa wanafunzi wenzangu. Waliniuliza kuhusu sampuli, kuhusu marejeleo, kuhusu mpangilio wa sura. Walikuwa makini na walinisaidia, nawashukuru mpaka leo. Kuhusu mpumuo hakuuliza mtu, maana ukumbi mzima tulikuwa tumechota kisima kimoja.

Miaka miwili baada ya kuhitimu nilikwenda Mombasa kwenye kongamano. Jioni mwenyeji wangu akanikaribisha kwao, Mji wa Kale. Mama yake akaniuliza nasomesha nini. Nikamweleza, na katika kueleza nikatoa mfano wa neno paa. Akanikatisha. Akalitamka mara mbili. La kwanza lilitoka kavu, akaniambia hilo ni paa la nyumba. La pili lilitoka na pumzi, akaniambia huyo ni paa wa mwituni. Akanitaka niweke kiganja mbele ya mdomo nilirudie neno, nami nikalirudia, na kiganja changu hakikuhisi tofauti yoyote. Nikajitetea kwa nilivyofunzwa: maana hujulikana kwenye upatanisho, paa la, paa wa. Yule mama akasema, "Sisi hatungoji la wala wa. Ukishatamka tu, tushajua."

Nilikuwa na miaka 38. Nilikuwa na udaktari wa sauti za Kiswahili. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitamkwa hivyo.

Mnaweza kunijibu kwamba wasemaji wengi wa bara, nami nikiwa mmojawao, hatuna tofauti hiyo kinywani, na kwamba kwa Kiswahili Sanifu kinavyotamkwa darasani maelezo ya idara yetu yanatosha. Huenda ni kweli, na ni hoja halali ya kubishaniwa. Kilichonikosesha usingizi usiku ule ni kwamba sikujua kuna ubishi. Padre Charles Sacleux alikwisha kuitia alama mipumuo hiyo katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939. Kamusi hiyo imo kwenye maktaba yetu. Lakini katika idara yetu hakuna asomaye Kifaransa, kwa hiyo mwalimu hakuifungua, mwanafunzi wake hakuifungua, na mwanafunzi wa mwanafunzi wake, yaani mimi, nilipita mbele ya rafu ile kwa miaka 17 bila kujua kilichomo. Angekuwapo kwenye idara mtu mmoja aliyesomea Bujumbura au Lubumbashi, wanakosoma kwa Kifaransa, angeishusha wiki ya kwanza. Angekuwapo mmoja aliyelelewa Mvita, yaani Mombasa, asingehitaji hata kamusi.

Hasara ya namna hii haionekani kwenye ripoti za mwaka. Kwenye ripoti mimi ni mafanikio: mhadhiri mmoja zaidi mwenye uzamivu, amesomeshwa ndani kwa gharama nafuu, amemaliza. Namba ya madaktari wa falsafa inapanda na kila mtu anapongezwa. Lakini maswali ambayo hayakuulizwa hayana safu kwenye jedwali.

Na iko hasara nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuisema. Kwenye vikao vyetu vya idara, aliyenisimamia huketi meza moja nami. Ni mtu aliyesoma kila ukurasa wa tasnifu yangu kwa kalamu nyekundu. Nilipofiwa na baba alisafiri kwa basi usiku kucha kuja kuzika. Siku moja alileta mapendekezo ya mtaala mpya, na niliona wazi kuwa kozi mbili zilikuwa zimepitwa na wakati. Nilinyamaza. Wenzangu wanne, wote tuliopita mikononi mwake, nao walinyamaza. Mtaala ukapita kwa dakika 20. Simlaumu mzee wangu. Hakumziba mtu mdomo. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hamsahihishi mzazi mbele za watu, na mimi naiamini adabu hiyo. Lakini idara ya chuo kikuu ikishakuwa ukoo wa baba mmoja, adabu yetu nzuri inageuka kuwa kufuli. Anahitajika mtu mezani ambaye hakulelewa pale, ambaye anaweza kusema "mimi nilikotoka tunafanya vingine" bila kumvunjia mtu heshima.

Wakubwa zangu, nchi hii haikuanza hivi. Oktoba 1961, chuo kikuu chetu cha kwanza, cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mgawanyo wa kazi ukawalazimisha vijana kusafiri. Wa Kenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Wa huku aliyetaka udaktari wa tiba alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi, awe wa Kampala au wa Moshi, alikwenda Nairobi. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa faida za kuhama. Mpango wenyewe ulihamisha watu. Mwaka 1970 ushirika ule ukavunjwa na kila nchi ikabaki na chuo chake. Najua zilikuwapo sababu za kisiasa na za uchumi, na kila taifa lilihitaji vitivo vyake. Ila tulipogawana majengo hatukukumbuka kuacha mlango wa katikati.

Na tazameni waliofundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile. Terence Ranger alifika mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuja na shahada ya Jamaika na udaktari wa London. Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, alirudi na udaktari wa Northwestern ya Marekani mwaka 1967, na utafiti wake ulikuwa historia ya Wapare wenyewe, uliojengwa juu ya masimulizi ya wazee wao. Miaka ya sabini akaja Mahmood Mamdani, aliyekulia Uganda na kusomea Marekani. Kila mmoja alikuja na mwalimu wake kichwani, na walimu hao hawakuwa wanakubaliana. Ndiyo maana palikuwa na mijadala ambayo wanahistoria wa Afrika wanaizungumzia mpaka leo. Majengo ya Mlimani wakati ule yalikuwa machache kuliko sasa.

Sitaki nieleweke kwamba mtu hawezi kuwa msomi wa kweli bila kupanda ndege. Mimi sitaki kurudi kule ambako udaktari wa nyumbani ulidharauliwa na cheti cha Ulaya kikaabudiwa. Uzamivu wa Kiswahili unaosomewa katikati ya wasemaji wake una uzito ambao hauwezi kupatikana kwenye nchi ya theluji, na wataalamu wengi tunaowasoma walihitimu hapa hapa. Lakini angalieni hata safari za hao tunaowatolea mfano. Issa Shivji alisoma sheria Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1970. Akaenda London kwa uzamili. Akarudi na kupata udaktari wake Dar es Salaam mwaka 1982. Alitoka akarudi. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipata shahada ya kwanza Dar es Salaam, akaenda Wisconsin, Marekani, na kupata udaktari mwaka 1985, akarudi kufundisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipitia Makerere kabla ya Edinburgh. Ninachokiomba ni hicho kipande cha katikati, cha kutoka, na kisiwe lazima kiwe cha mbali. Kutoka Dodoma kwenda Zanzibar ni kutoka. Kutoka Morogoro kwenda Makerere ni kutoka. Kwa somo langu mimi, mwaka mmoja Mombasa au Lubumbashi ungenifaa kuliko miaka minne ya Chicago.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1908 Charles Eliot, aliyeongoza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa miaka 40, alikwisha kuonya juu ya vyuo vinavyojaza nafasi zake kwa watoto wake wenyewe. Ujerumani kwa desturi ya muda mrefu mtu hapewi uprofesa pale pale alipokuzwa. Sharti kwanza apite kwingine. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Richard Feynman, mwanafizikia. Alisoma shahada ya kwanza MIT, chuo cha sayansi na teknolojia cha Marekani, akapapenda, na mwaka 1939 akataka kuendelea hapo hapo na udaktari. Profesa John Slater, aliyekuwa mkuu wa idara ya fizikia, akamkatalia. Kijana alikuwa akiamini kwamba MIT ndiyo bora kuliko zote kwa sayansi, na Slater akaichukua imani hiyo hiyo kuwa sababu ya kumtoa, akaone dunia nyingine. Feynman akaenda Chuo Kikuu cha Princeton, akapata udaktari mwaka 1942, na baadaye akaja kupata Tuzo ya Nobeli.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kumsifu Slater kwa ukali wake. Mimi nakisoma kwa jicho jingine. Slater aliweza kumwambia mwanafunzi wake "nenda" kwa sababu Princeton ilikuwa imeacha mlango wazi: kijana alipokelewa, akapewa kazi ya msaidizi na posho ya kuishi. Hakuambiwa aondoke aende barabarani. Mkuu wa idara wa kwetu akimwambia TA "usisome hapa" leo, atakuwa anamfungia maisha. Kwa hiyo nawasihi: msije mkaisoma barua hii mkatoa waraka wa kupiga marufuku kusoma uzamivu mahali mtu alipopata shahada ya kwanza. Waraka kama huo utawaumiza kwanza akina mama wenye watoto wadogo, na wanaouguza, na wale ambao maabara pekee ya somo lao iko pale pale walipo. Mimi mwenyewe ungenikuta nikimuuguza baba, na nisingesoma kabisa. Mlango ufunguliwe kwanza.

Ninachokiomba ni hiki. Kila mwajiriwa wa chuo anayesoma uzamivu ndani ya chuo chake apewe haki, iandikwe kwenye kanuni za masomo ya uzamili na uzamivu, ya kukaa mwaka mmoja katika chuo kingine, akiwa na mshahara wake kamili na bila vipindi. Neno "bila vipindi" ndilo lenye uzito. Nimewaona wenzangu waliopewa ruhusa za karatasi huku wakirudi kila mwezi kusahihisha mitihani. Mtu wa namna hiyo hajatoka, amebadilisha kitanda tu. Mwaka huo uhesabiwe kuwa sehemu ya uzamivu wake na usimcheleweshe kupanda cheo. Na kule anakokwenda asiwe mgeni wa kukaa kwenye benchi la nje. Apewe msimamizi wa pili mwenye jina kwenye tasnifu, anayesaini, na anayelipwa kwa wakati.

Watahini wa nje nao wawe wa nje kwelikweli. Ninyi na mimi tunajua namna idara mbili zinavyoweza kubadilishana watahini mwaka hadi mwaka, wewe nisomee wangu nami nikusomee wako, mpaka wa nje anakuwa mtu wa nyumbani. Sitalirefusha hilo, linaeleweka.

Kwa Tume ya Vyuo Vikuu nina ombi dogo lisilohitaji fedha. Mnatoa takwimu za elimu ya juu kila mwaka: wanafunzi wangapi, wahadhiri wangapi, wangapi wana uzamivu. Ongezeni safu moja inayoonyesha, kwa kila chuo, ni wahadhiri wangapi walipata shahada zao zote tatu pale pale wanapofundisha. Msimwadhibu mtu kwa safu hiyo. Ichapisheni tu, ili mzazi aione, mwanafunzi aione, na mkuu wa idara ajilinganishe na jirani yake.

Mheshimiwa Waziri, kuna mradi wa HEET, wa kuimarisha elimu ya juu, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ulioanza mwaka 2021. Pamoja na majengo na mitaala, fedha hizo zimesomesha wahadhiri wetu ngazi za uzamili na uzamivu. Nimefurahi kuwaona wenzangu wakinufaika. Tunaomba kuelezwa hadharani: kati ya waliosomeshwa, wangapi walipelekwa nje ya vyuo vyao, na wangapi walisoma pale walipokuwa? Mkopo huu tutaulipa sote, na itatusaidia kujua kama umetupanua au umetuongezea vyeti vya nembo ile ile. Na utakapoandaliwa mradi mwingine, fungu la kusomesha wahadhiri liwe na sharti la mwaka wa kutoka.

Kuhusu Afrika Mashariki, mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala kwa kazi hiyo hiyo. Tangazo hilo ndilo lile la 1963 limerudi kwa sura nyingine, na lilitupa matumaini makubwa sisi wa ngazi za chini. Sasa lishuke mpaka kwenye dirisha la malipo. Mahali ambapo mtoto wa Jumuiya bado anatozwa ada ya mgeni, ifutwe. Mahali ambapo kozi aliyoisoma Nairobi inakaa mwaka mzima ikisubiri kutambuliwa na seneti, kuwe na muda maalumu wa kujibu. Na sisi tukumbuke kupokea. Kila tunapomtuma mmoja, tupokee mmoja: mwalimu wa Bujumbura aje afundishe mwaka mmoja kwenye idara yetu ya Kiswahili, mwalimu wa Lamu aje, wa Goma aje. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wengi wanatoka mikoa ya bara kama mimi. Wanastahili kulisikia neno paa kabla hawajafika miaka 38.

Nimeanza kurekebisha mihadhara yangu. Wiki ya nne ya muhula huwa nawachezea darasani rekodi ya mama yule wa Mombasa, aliyonipa ruhusa ya kuitumia. Darasa zima huweka viganja mbele ya midomo na kucheka, kisha hunyamaza. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa Kipemba alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hata bibi yangu husema hivyo, nilidhani ni kosa." Alikuwa ameficha jambo hilo tangu shule ya msingi.

Nirudi kwa binti niliyewatajia. Hakungoja nimjibu. Alitafuta mwenyewe, akapata chuo kikuu kimoja Nairobi kilichokubali kumpokea kwa mwaka mmoja, na msimamizi wa pili anayefanya kazi na wasemaji wa Lamu na Pate. Nyumba ya kufikia ameipata kwa shangazi yake. Hakuomba fedha ya ziada. Ameomba ruhusa na mshahara wake wa kawaida. Barua aliiandika mwezi Machi. Jibu alilopata mpaka sasa ni la mdomo: nani atafundisha kozi yake ya mwaka wa kwanza, yenye wanafunzi zaidi ya 400?

Nitafundisha mimi. Nimeandika hivyo na kusaini, muhula wa kwanza na wa pili, mihadhara na semina, bila posho, na nakala ya barua hiyo nimeiambatisha kwenye jalada lake. Wenzangu wawili wamesema watanisaidia kusahihisha. Nairobi wamemwekea nafasi mpaka mwisho wa Agosti.

Wenu mtiifu,
Mhadhiri wa isimu ya Kiswahili katika chuo kikuu cha umma, Tanzania